Juma la Masomo: Historia ya Shule za Abayudaya wa Mbale

Mintarafu ya historia ya elimu katika Afrika ya Mashariki, mengi yamekwisha andikwa juu ya shule za misheni, na si haba juu ya vyuo vya Kurani vya pwani. Ni machache mno yaliyoandikwa kwa Kiswahili juu ya shule za Kiyahudi, na yaelekea walimu wenzetu wengi hudhani kwamba shule za namna hiyo ziko Ulaya, Marekani na Israeli tu. Sivyo. Chini ya Mlima Elgon, karibu na mji wa Mbale nchini Uganda, ziko shule za Abayudaya, yaani Waafrika wa Uganda ya mashariki walioishika dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919, nazo hufundisha watoto wa wakulima wa kahawa na ndizi kama zinavyofanya shule nyingine za wilaya hiyo.

Sisi tunaofundisha Kiswahili huku Malawi, baina ya kambi ya Dzaleka na mtaa wa viwanda wa Kanengo ulio kaskazini ya Lilongwe, tumevutwa na historia hiyo kwa sababu yetu wenyewe. Wanafunzi wetu wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Shuleni hufuata mtalaa wa Malawi, ambao mitihani yake ni ya Kiingereza, na Kichewa ni somo mojawapo. Kiswahili chao hakina kipindi katika ratiba. Basi swali linalotusumbua ni hili: watu wachache wasio na shule yao wenyewe hufanyaje ili mafundisho yao yasipotee katika kizazi kimoja? Abayudaya walikaa miaka hamsini na zaidi katika hali hiyo, na mafundisho yao hayakupotea. Kwa maoni yetu, kilichowahifadhia si jengo wala mwalimu mwenye cheti. Ni juma lenyewe, yaani mpango wa siku saba uliokuwa na somo lake na mwisho wake uliojulikana. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza.

Habari yaanza na mtu mmoja, Semei Kakungulu. Alizaliwa Kooki karibu na mwaka 1869, akawa jemadari mashuhuri wa Buganda upande wa Waprotestanti katika vita vya dini vya wakati wa Kabaka Mwanga. Baadaye aliongoza watu wake kuelekea mashariki, akaziweka chini ya utawala wa Waingereza nchi zilizoitwa Bukedi, akaujenga mji wa Mbale, akatumaini kutawazwa mfalme wa nchi alizoziteka. Waingereza hawakumtawaza. Walimpa vyeo, ukiwamo urais wa baraza la Busoga tangu 1906 hata 1913, wakazidi kumpunguzia mamlaka kila mwaka. Mwishowe alirudi Mbale na kinyongo chake, akajiunga na dhehebu la Bamalaki, lililokataa dawa za hospitali na kuiadhimisha Jumamosi badala ya Jumapili.

Yafaa ikumbukwe kwamba Biblia nzima kwa Kiganda ilikuwa imekamilika mwaka 1896, kazi ya George Pilkington pamoja na wasaidizi wake Waganda, hasa Henry Wright Duta. Kakungulu alikuwa msomaji hodari wa kitabu hicho. Akiwa na Biblia katika lugha aliyoimudu, hakuhitaji mtu wa kumfasiria. Alipofika penye amri ya Ibrahimu juu ya tohara, aliuliza kwa nini haishikwi. Bamalaki wakamjibu kwamba hiyo ni desturi ya Wayahudi. Kama ni hivyo, akasema, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe, akajitenga pamoja na wafuasi wake huko Gangama, nao wakajiita Kibiina kya Bayudaya Abeesiga Katonda, maana yake Jumuiya ya Wayahudi Wanaomtumaini Mungu.

Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha kurasa 90 kwa Kiganda, cha kuwaongoza watu wake katika imani hiyo. Twaomba walimu wenzetu wasikipite upesi kitabu hicho. Hakuna mmisionari wa Kiyahudi aliyefika Mbale kabla yake, maana Wayahudi hawana desturi ya kutuma wahubiri ugenini. Jumuiya nzima ilizaliwa na usomaji wa kitabu kilichotafsiriwa vema, na jambo la kwanza iliyolifanya ilipopata nguvu kidogo ni kuandika kitabu kingine katika lugha ile ile. Wanaodharau kazi ya tafsiri wangeifikiri habari hii.

Hapa hatuna budi kuondoa mchanganyiko mmoja. Wako wanaodhani kwamba Abayudaya ni mabaki ya ule uitwao mpango wa Uganda. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alipendekeza Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi wapewe nchi ya kukaa Afrika ya Mashariki. Nchi iliyokusudiwa ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ambao tangu 1902 ulikwisha hamishwa kutoka Uganda na kutiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mkutano Mkuu wa Wazayoni uliukataa mpango huo mwaka 1905. Kakungulu na watu wake hawakuhusika nao hata kidogo. Wayahudi wa Nairobi, ambao sinagogi lao la kwanza lilifunguliwa 1913, ni walowezi na wafanya biashara waliotoka Ulaya, na historia yao ni nyingine.

Turudi Gangama. Katika miaka ya 1920 alifika kwa Kakungulu Myahudi mgeni aliyekumbukwa kwa jina la Yusufu, akakaa naye miezi kadhaa. Kabla ya hapo Abayudaya walikuwa wakichanganya mambo: walishika Sabato na tohara, lakini walikuwa na ubatizo na sala za Kikristo. Yusufu aliwaonyesha yasiyo ya Kiyahudi, akawafundisha namna ya kuchinja, na jambo kubwa kuliko yote, akawaachia kalenda ya sikukuu. Baada ya kuondoka kwake Kakungulu alianzisha darasa la kuwafundisha vijana yale waliyoyapata kwa mgeni huyo, ili nao wakawafundishe wengine. Hilo ndilo chimbuko la shule tunazozieleza.

Mtu aweza kuuliza kalenda ina faida gani kwa mwalimu. Kwa Wayahudi ina faida kubwa, maana Torati, yaani vitabu vitano vya Musa, imegawanywa katika mafungu 54, na kila juma lina fungu lake. Baadhi ya majuma husomwa mafungu mawili pamoja ili mwaka utoshe. Ukifika mwisho wa mwaka, kitabu humalizika na kuanzwa upya siku hiyo hiyo. Mwalimu wa shule ya Kiyahudi, awe London au Mbale, hakai akiumiza kichwa juu ya azimio la kazi. Juma hili ni habari ya Nuhu, juma lijalo ni Ibrahimu kuiacha nchi ya baba zake, na mzazi aliyeko shambani ajua mtoto anasoma nini, kwa sababu yeye mwenyewe atayasikia hayo hayo katika sinagogi Jumamosi.

Tena fungu hilo halisubiri Jumamosi tu. Kwa desturi ya tangu kale, inayosemwa kuwa iliwekwa na Ezra mwandishi, sehemu ya mwanzo ya fungu husomwa mbele ya watu Jumatatu na Alhamisi. Siku hizo zilikuwa siku za soko, watu wa vijijini walipokuja mjini na mizigo yao. Sisi tuliokulia penye magulio twaielewa hekima hiyo bila kuelezwa: ukitaka watu wasikie neno, lipeleke siku wanayokusanyika kwa haja nyingine.

Ama kuhusu shule zenyewe, sheria ya Wayahudi ni ya zamani sana. Talmudi yasimulia kwamba kuhani mkuu Yehoshua ben Gamla, katika miaka ya 60 ya karne ya kwanza, aliagiza walimu wawekwe katika kila wilaya na kila mji, na watoto waingizwe shuleni wakiwa na umri wa miaka sita au saba. Kabla yake aliyekuwa na baba alifundishwa na baba yake, na yatima hakufundishwa na mtu. Kitabu hicho hicho chataja idadi: mwalimu mmoja afundishe watoto 25, wakifika 40 apewe msaidizi, wakiwa 50 wawekwe walimu wawili. Sisi tunaosimama mbele ya watoto mia na ushei katika chumba kimoja, wengine wakiwa wamekaa sakafuni, tumezisoma hesabu hizo mara mbili ili kuhakikisha kwamba macho hayakutudanganya.

Iko pia desturi ya Wayahudi wa Ulaya wa karne za kati ambayo yatukumbusha ya kwetu. Mtoto alipopelekwa kwa mwalimu kwa mara ya kwanza, alionyeshwa herufi zilizoandikwa juu ya ubao, ubao ukapakwa asali, naye akailamba, ili maneno ya Torati yawe matamu kinywani mwake. Waswahili wa pwani huandika aya kwa zafarani juu ya sahani, wakaziosha na kumnywesha mtu, wakaita kombe. Kusudi la kombe ni uponyaji, na kusudi la asali ni masomo, lakini katika mambo yote mawili neno lililoandikwa huingia mwilini kama chakula.

Mwisho wa juma una mafunzo yake. Siku ya Wayahudi huanza jua linapokuchwa, kama ilivyokuwa katika hesabu ya Waswahili wa kale, ambao usiku wa Ijumaa kwao ulikuwa usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa hiyo Sabato huingia Ijumaa jioni. Katika shule za Kiyahudi popote ulimwenguni, Ijumaa ni siku ya matayarisho: watoto wadogo hufanya darasani yatakayofanywa nyumbani magharibi. Huonyeshwa mishumaa, mikate miwili iliyosukwa kama nywele, na kikombe cha divai, ambacho kwa watoto hutiwa maji ya zabibu. Huimba nyimbo za kuikaribisha Sabato. Hutia senti chache katika sanduku la maskini. Sadaka hiyo kwa Kiebrania huitwa tsedaka, na hapana haja ya kumweleza Mswahili kwamba ni ndugu wa neno lake mwenyewe. Kisha mwalimu huuliza maswali juu ya fungu la juma. Mtoto aliyeshindwa kuandika huweza kuimba, na aliyeshindwa kuimba huweza kubeba mkate. Twaona huo ni utaratibu mwema, maana kila mtoto hurudi nyumbani akiwa na jambo la kuwaambia wazazi wake siku hiyo hiyo.

Mpango huo wote, ila mikate ya ngano na zabibu ambazo Mbale hazikuwa rahisi kupatikana, ndio uliowafikia watu wa Kakungulu kidogo kidogo. Lakini shule kamili hawakuwa nayo. Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928, na jumuiya ikabaki mikononi mwa wazee, mmoja wao akiwa Samson Mugombe, aliyeiongoza kwa miaka mingi. Elimu ya Uganda wakati huo ilikuwa mikononi mwa misheni. Mtoto aliyetaka kusoma aliingia shule ya Waprotestanti au ya Wakatoliki, na mara nyingi ubatizo na jina jipya vilikuwa ndio ada yake ya kwanza. Abayudaya walikuwa na njia mbili mbele yao. Ama wampeleke mtoto shule na kumpoteza, ama wamzuie nyumbani, abaki na dini yake lakini bila cheti na bila kazi ya mshahara. Wako waliochagua hili na wako waliochagua lile. Matokeo yake ni kwamba jumuiya iliyozaliwa na usomaji wa kitabu ilikuja kuwa na wasomi wachache kuliko majirani zake. Mwaka 1962 mwanafunzi Mwisraeli wa Makerere, Arye Oded, aliyekuja baadaye kuwa balozi, aliwatembelea na kuandika habari zao. Hapo ndipo Wayahudi wa nchi nyingine walipoanza kuwajua.

Waliobaki walifundishwa wapi, basi? Walifundishwa Jumamosi. Sinagogi la udongo lilikuwa ndilo darasa, Biblia ya Kiganda ndiyo kitabu cha kiada, na zaburi ziliimbwa kwa Kiganda kwa sauti za wenyeji. Kiebrania walichokuwa nacho kilikuwa kichache. Lakini kila juma mtoto alijua ni siku gani kazi ya jembe yakoma, ni sehemu gani itasomwa, na nani atasoma.

Jaribio kubwa lilikuja katika utawala wa Idi Amin, 1971 hata 1979. Amin alivunja uhusiano na Israeli mwaka 1972, na ibada ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yakafungwa au kubomolewa, vitabu vikafichwa. Inakadiriwa kwamba kabla ya hapo Abayudaya walikuwa kama 3,000, na marufuku yalipokwisha walibaki kama 300. Wengine wote walikuwa wameingia Ukristo au Uislamu. Hao 300 waliomba kwa siri nyumbani mwao. Twaomba msomaji afikiri: unapokatazwa kukusanyika, unapokuwa huna shule, huna sinagogi na huna kitabu cha kuonyesha hadharani, unabakiwa na nini cha kumfundishia mtoto? Unabakiwa na siku. Hakuna askari awezaye kumkamata mtu kwa sababu hakwenda shambani Jumamosi. Aweza kusema anaumwa. Mama aliyepika Ijumaa chakula cha siku mbili alikuwa akifundisha somo, hata kama hakutamka neno. Kampala ilitekwa na majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa usiku wa kwanza wa Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Abayudaya hawajaacha kuisimulia habari hiyo.

Katika miaka ya 1980 vijana walishika kazi ya kuifufua jumuiya. Walikaa pamoja kilima cha Nabugoye, wakalima pamoja, wakajifunza Kiebrania wao kwa wao, wakatunga nyimbo. Miongoni mwao walikuwamo J. J. Keki na Gershom Sizomu. Mwaka 2002 marabi waliofika kutoka ng'ambo waliwaingiza rasmi katika dini ya Kiyahudi watu mia tatu na zaidi. Sizomu alikwenda kusoma Los Angeles, akapata daraja ya urabi mwaka 2008, akarudi Nabugoye kufundisha. Mwaka 2016 alichaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, na mwaka huo huo sinagogi jipya lilifunguliwa hapo kilimani.

Katika mafufuko hayo ndipo zilipojengwa shule mbili tunazozitaja, Shule ya Msingi ya Hadassah na Shule ya Sekondari ya Semei Kakungulu, kwa msaada wa Wayahudi wa nchi za nje. Zafuata mtalaa wa taifa la Uganda na mitihani yake. Juu ya huo wameongeza Kiebrania na mafundisho ya dini. Herufi zake ni 22, nazo huandikwa kutoka kuume kwenda kushoto, na mtoto wa Mbale aliyekwisha fundishwa Kiingereza kutoka kushoto hulazimika kugeuza daftari lake. Jumamosi hakuna shule, na Ijumaa jua likikaribia kutua kazi hukoma.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni wanafunzi wenyewe. Waliozijenga ni watu waliokuwa na sababu zote za kuwafungia wengine mlango, kwa kuwa wazee wao walifungiwa. Hawakufanya hivyo. Shule zote mbili hupokea watoto wa Kikristo na wa Kiislamu pamoja na wa Kiyahudi, wala hakuna anayedaiwa abadili dini ili akae darasani. Wazazi wao walikwisha zoea kushirikiana: mwaka 2004 Keki alianzisha chama cha ushirika cha kahawa cha Mirembe Kawomera, maana yake Amani Tamu, chenye wakulima wa dini zote tatu. Wako watakaosema kwamba shule iliyojaa watoto wa dini nyingine si shule ya Kiyahudi tena. Hatukubaliani nao. Shule ya Nabugoye ni ya Kiyahudi kwa sababu ya juma lake. Mtoto Mwislamu aliye pale hujua kwamba Jumamosi kengele hailii, na hujua sababu yake. Akitoka hapo haendi nyumbani akiwa Myahudi, bali akiwa jirani mwenye habari kamili.

Sasa twaomba ruhusa tuingie katika shamba letu wenyewe, lugha. Tumekwisha sema kwamba juma ndilo mwalimu; basi tuangalie majina yake. Kiebrania huhesabu siku tangu Jumapili, iitwayo siku ya kwanza, na kuendelea hata ya sita, na ya saba pekee ndiyo yenye jina, Shabat, kutokana na kitenzi chenye maana ya kukoma au kupumzika. Wengi hudhani kwamba Sabato ni neno moja na saba. Yanafanana sauti tu, mizizi ni mbalimbali. Kwa upande mwingine siku ya tano ya Kiebrania, hamishi, ni ndugu kweli wa Alhamisi yetu. Kiswahili kilianza hesabu tangu Jumamosi, yaani siku ya mosi baada ya Ijumaa, kikafika Jumatano, kisha kikaingiza Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Kwa hiyo juma la Kiswahili lina siku mbili za tano, na hakuna aliyewahi kudhurika kwa hilo. Waganda nao huita Jumatatu Bbalaza, neno walilolitwaa katika baraza la Kiswahili, na Jumamosi huiita ya sita. Myahudi wa Mbale, basi, hupumzika siku ya saba ambayo lugha ya mama yake huiita ya sita. Katika Kinyarwanda na Kirundi hali ni hiyo hiyo, nao Waadventista wa huko wakaona heri waiite Isabato tu.

Tazama pia jina la juma zima. Kwetu ni juma, kutokana na Ijumaa ya Waislamu. Kiganda chasema ssabbiiti, neno lililoletwa na Sabato ya Wakristo. Kinyarwanda chatumia icyumweru kwa maana ya Jumapili na kwa maana ya siku saba. Kichewa hakikujali dini sana: Jumatatu ni Lolemba, siku ya kuandikwa, na Jumamosi ni Loweruka, siku ya kutoka kazini, ingawa Jumapili imeachiwa Mulungu. Nao wazee wetu waliotoka Katanga na Kivu huiita Jumamosi siku ya posho, kwa kuwa wakati wa Wabelgiji ndiyo siku wafanya kazi walipogawiwa mgao wao. Katika darasa moja la Dzaleka siku moja huweza kuitwa ya mosi, ya sita, ya saba, ya kutoka kazini na ya posho, na kila jina latokana na mwajiri au nabii fulani.

Mafundisho ya siku ya saba hayakuja Malawi na wakimbizi. Joseph Booth aliyahubiri huku mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1902 Waadventista waliinunua misheni ya Plainfield huko Thyolo, wakampeleka Thomas Branch, Mmarekani mweusi, kuiongoza. Baadaye misheni hiyo iliitwa Malamulo, neno la Kichewa lenye maana ya amri. Basi miaka 17 kabla ya Kakungulu kutahiriwa, tayari kulikuwa na shule huku ambayo juma lake lilikwisha Ijumaa magharibi.

Wala jambo hili si la historia tu. Nchini Uganda wanafunzi Wasabato wa Chuo Kikuu cha Makerere waliwahi kushtaki kwamba masomo na mitihani ya Jumamosi vyaivunja haki yao ya dini. Mahakama ya Katiba iliwakatalia mwaka 2003, na Mahakama ya Juu, iliyo ya juu kuliko zote, ikaikataa rufani yao mwaka 2006. Hukumu hiyo iliwagusa Waadventista walioshtaki. Lakini kijana wa Kiyahudi aliyetoka Nabugoye akaingia Makerere alikuwa chini ya ratiba ile ile. Shule ya jumuiya yake yaweza kumlinda hata kidato cha sita, hapo ndipo ulinzi unapokwisha.

Huku kwetu swali hilo lilizuka kwa sura ndogo. Darasa letu la Kiswahili hufanywa nje ya saa za shule, na Jumamosi ndiyo siku iliyopendekezwa kwanza, maana vyumba viko wazi. Watoto wa Waadventista, ambao ni wengi miongoni mwa Wakongo na Wanyarwanda wa kambini, wasingeweza kuja. Jumapili ingewaacha nje wengi zaidi, kwa kuwa ibada za Dzaleka hazimaliziki kabla ya alasiri. Ijumaa adhuhuri Waislamu wako msikitini. Chama kilipokutana Kanengo, mwenzetu mmoja alisimama akaeleza habari ya Ezra na siku za soko, baadhi wakacheka, lakini wazo likapita. Kiswahili kitafundishwa Jumatatu na Alhamisi, saa kumi alasiri. Kila juma litakuwa na fungu lake moja la kusoma, lile lile kwa madarasa yote, nalo litabandikwa mlangoni siku ya Alhamisi ili wazazi walione. Orodha ya mafungu ya muhula wa kwanza itachapishwa katika toleo lijalo.